Wazamia Lulu wa Bahareni

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

  Leo nitasoma pole pole, ili kila mmoja wenu aweze kunifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Ukikutana na neno gumu usiogope. Liache, endelea mbele. Mwisho wa somo utaona maneno magumu yameelezwa.

Nataka kuzungumza nanyi habari za lulu. Neno hili mnalijua. Wako wanawake wengi waitwao Lulu, na mzee akisema neno la hekima twasema ametoa lulu. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuiona lulu yenyewe? Na ni wangapi wanaojua jinsi inavyotolewa baharini?

Nitawaelezeni. Na tena nitawaelezeni jambo moja linalotuhusu sisi wa kisomo. Walikuwako wanaume hodari waliozama baharini bila hofu. Papa hawakuwashinda. Giza la chini halikuwashinda. Lakini walishindwa na kitu kidogo kilichokuwa mikononi mwa mtu mwingine. Kitu hicho kilikuwa daftari.

NCHI YA BAHARI MBILI

Tuanze na mahali. Bahareni ni nchi ya visiwa. Iko katika Ghuba, kati ya Saudi Arabia na Qatar. Kwa Kiarabu jina lake maana yake ni bahari mbili. Wako wasemao ya kuwa bahari ya kwanza ni hii ya chumvi tuijuayo sote, na ya pili ni maji matamu yaliyo chini ya nchi. Na kweli, zamani zilikuwako chemchemi za maji matamu zilizobubujika chini ya bahari. Mtu alishuka na kiriba, akakijaza pale chemchemi inapotoka, akakifunga mdomo, akapanda nacho juu. Watu wa chomboni wakanywa maji matamu kutoka katikati ya chumvi.

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki si wageni wa Ghuba. Kwa miaka mingi majahazi ya huko yalikuja kwetu na upepo wa kaskazi, yamepakia tende. Yaliporudi na kusi yalichukua boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, zikaenda kujengewa dari za nyumba. Hata maneno tunashirikiana. Mkuu wa chombo kwetu ni nahodha, na mkuu wa chombo cha lulu huko pia ni nahodha.

Lakini iko habari nyingine, nayo ni ya huzuni. Katika karne ya 19 watu wengi wa pwani yetu na wa bara waliuzwa utumwani, wakapelekwa Ghuba. Baadhi yao walitiwa katika kazi ya kuzamia lulu. Mtumwa alizama kama wenziwe, lakini fungu lake lilichukuliwa na bwana wake. Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapozungumza juu ya lulu za Ghuba, twazungumza pia juu ya pumzi za babu zetu.

LULU NI NINI?

Lulu haichimbwi kama dhahabu. Hukua ndani ya chaza. Chaza ni mnyama laini wa baharini, hana mfupa, na huishi ndani ya makombe mawili yanayofungana kama kitabu. Ukilitazama kombe lake kwa ndani utaona linang'aa. Chaza mwenyewe ndiye aliyeutengeneza mng'ao huo.

Wazee wa zamani walisimulia ya kuwa chaza hupanda juu ya maji usiku, akafungua kinywa, akapokea tone la mvua, na tone hilo likawa lulu. Ni hadithi nzuri, lakini si kweli. Wataalamu wametueleza hivi: mdudu mdogo anayenyonya, au kitu kingine kigeni, huingia katika nyama ya chaza na kumwumiza. Chaza hana mikono ya kukitoa. Basi hukizungushia ule utomvu wake unaong'aa. Hukizungushia tabaka moja, kisha la pili, kisha la tatu, kwa miezi na miaka. Hata mwisho kinakuwa kitu cha mviringo, kizuri, kinachong'aa.

Kwa hiyo lulu ni dawa ya maumivu ya chaza. Tena si kila chaza aumwaye hivyo. Unaweza kupasua kikapu kizima usipate hata lulu moja ya kuuza.

KAZI YA WAZEE

Mwanzoni mwa karne ya 20 Bahareni ilikuwa na vyombo vya lulu karibu 900, na watu waliofanya kazi katika vyombo hivyo walipita 17,000. Kwa nchi ndogo kama ile, hao walikuwa wengi sana. Msimu mkubwa ulikuwa wa kiangazi, wakati maji ya Ghuba yana joto. Vyombo vilitoka pamoja, na vilikaa baharini kwa muda wa miezi minne hivi. Mjini walibaki wanawake, watoto na wazee.

Chomboni kila mtu alikuwa na kazi yake. Alikuwako nahodha. Walikuwako wazamiaji na wavutaji. Alikuwako hata mwimbaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuimba ili watu wavute kwa pamoja na wasahau uchovu.

Sasa mtazame mzamiaji. Puani amebana kibanio kilichochongwa kwa gamba la kasa au mfupa, ili maji yasiingie. Vidoleni amevaa vifuko vya ngozi, maana makombe yanakata. Shingoni amening'iniza kikapu cha kamba. Mguu mmoja ameuweka juu ya jiwe zito lililofungwa kamba. Anavuta pumzi, anatoa ishara, kamba inaachiwa, na jiwe linamchukua chini upesi.

Afikapo chini analiacha jiwe, nalo linavutwa juu. Yeye anatambaa, anang'oa chaza, anatia kikapuni. Muda wake ni kama dakika moja au moja na nusu. Pumzi ikikaribia kwisha anatikisa kamba ya pili. Juu yuko mvutaji aliyeishika kamba hiyo mkononi. Anavuta kwa nguvu zake zote. Basi maisha ya mzamiaji yalikuwa mikononi mwa mvutaji. Mvutaji akisinzia, mwenziwe amekufa.

Kazi hiyo ilifanywa mara nyingi kwa siku, tangu asubuhi mpaka jioni. Asubuhi walikula tende chache na kunywa kahawa tu, kwa sababu mtu mwenye tumbo lililojaa hawezi kuzama vizuri. Chakula chenyewe, wali na samaki, kililiwa usiku. Wengi walipasuka ngoma za masikio. Wengine waliumwa macho na ngozi. Walikuwako papa, na taa wenye mwiba, na kiwavi wa bahari ambaye akikugusa unaungua kama kwa moto. Kwa ajili ya kiwavi huyo wengine walivaa nguo ya pamba iliyofunika mwili wote.

Chaza wa siku moja walilazwa juu ya sitaha usiku kucha. Asubuhi walipasuliwa kwa visu, watu wote wameketi pamoja, na nahodha anatazama. Lulu zilizopatikana zilikuwa mkononi mwa nahodha. Baadaye mnunuzi alikuja. Alizipitisha katika chekeche za shaba zenye matundu makubwa na madogo, akazipima kwa mizani ndogo, akazimwaga juu ya kitambaa chekundu ili aone rangi yake.

Mzamiaji alikuwa wapi wakati huo? Mara nyingi hakuwapo. Hakujua lulu imeuzwa kwa bei gani. Alingoja kuambiwa.

DAFTARI

Sasa tumefika mahali ninapotaka tusikilizane sana.

Mzamiaji hakulipwa mshahara. Alipata fungu katika mapato ya msimu. Lakini kabla ya kwenda baharini ilimpasa kuwaachia mkewe na watoto chakula. Hana fedha. Basi alikwenda kwa nahodha, akapewa karadha, maana yake fedha za kutangulizwa. Nahodha aliandika katika daftari lake. Nyumbani watu walichukua mchele, tende na nguo kwa mkopo. Hayo nayo yaliandikwa. Msimu ukiisha, daftari lilifunguliwa.

Tuchukue mfano. Ni mfano wangu wa kujifunzia hesabu tu. Chukueni kalamu.

Mzamiaji amepewa karadha ya rupia 80. Nyumbani wamechukua vitu, na daftari linasema ni rupia 45. Jumla ni rupia 125. Fungu lake la msimu ni rupia 100. Toa 100 katika 125. Imebaki 25. Ametoka baharini baada ya miezi minne, masikio yanamwuma, naye ana deni la rupia 25.

Mwaka wa pili mambo ni yale yale. Deni la nyuma 25, karadha 80, vitu 45. Jumla ni 150. Fungu lake ni 100. Deni sasa ni rupia 50.

Lakini ngojeni kidogo. Tuseme vitu vile sokoni vinauzwa kwa rupia 30, wala si 45. Riba ni haramu katika dini ya watu wale, kwa hiyo faida ya mkopo mara nyingi ilifichwa ndani ya bei. Fanyeni hesabu tena kwa rupia 30. Mwaka wa kwanza deni ni 10. Mwaka wa pili ni 20. Kumbe katika lile deni la rupia 50, rupia 30 hazikutoka baharini. Zilitoka kwenye kalamu.

Mzamiaji wetu hakuweza kuliona jambo hilo, kwa sababu hakujua kusoma. Aliambiwa, "Unadaiwa hamsini," akasema, "Sawa." Angesema nini?

Tena mwenye deni hakuwa na ruhusa ya kumwacha nahodha wake. Kila mzamiaji aliyetaka kwenda kwa nahodha mwingine alitakiwa kuonyesha hati, na hati hiyo iliitwa barwa. Sikilizeni jina hilo, lafanana na neno letu barua. Barwa ilieleza kama mtu yuko huru au anadaiwa. Asiye na hati ya uhuru hakuweza kuajiriwa na mwingine, isipokuwa huyo mwingine alilipe deni lake. Na mtu akifa, deni liliweza kumwangukia mwanawe. Mtoto alikwenda kuzama kulipa rupia ambazo hakuzikopa.

Tusimlaumu nahodha peke yake. Manahodha wengi nao walikuwa na deni kwa matajiri wa mjini. Deni lilishuka kama ngazi, na aliyekuwa kwenye kidato cha chini kabisa ni mzamiaji.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Bahareni ilibadili sheria. Karadha iliwekewa kiasi. Deni la baba lilikatazwa kurithiwa na mtoto. Tena kila mzamiaji alitakiwa apewe daftari lake mwenyewe, lenye hesabu yake, akae nalo. Manahodha wengine walipinga vikali. Kwa nini wapinge kijitabu kidogo? Jibu lake mnalo ninyi nyote mlioketi hapo darasani.

Hata hivyo tusidanganyane. Kupewa daftari ni jambo moja, kuweza kulisoma ni jambo jingine. Na mwenye njaa huona karadha ya leo kuliko deni la kesho. Mwaka 1932, biashara ilipokuwa imeharibika, wazamiaji wenyewe walifanya ghasia katika mji wa Manama wakidai karadha kubwa zaidi. Serikali ilizizima ghasia hizo kwa nguvu.

KAZI ILIVYOKUFA

Biashara iliharibika kwa nini? Kwa sababu tatu.

Ya kwanza ilitoka Japani. Huko Kokichi Mikimoto na wenziwe walijifunza kumtia chaza kipande cha kombe na nyama kidogo kwa mkono, wakamrudisha baharini, wakamfuga. Chaza alikizungushia kile kipande kama desturi yake, ikawa lulu. Katika miaka ya 1920 lulu hizo za kufuga zilijaa katika masoko ya dunia. Kwa nje zafanana na lulu za asili, nazo ni rahisi.

Ya pili, mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka. Matajiri wa Ulaya na Marekani hawakununua tena vito kama zamani.

Ya tatu, mwaka 1932 mafuta yaligunduliwa Bahareni. Kampuni ya mafuta ililipa mshahara, tena kwa kazi ya nchi kavu. Nani atazama na jiwe mguuni?

Mtauona wenyewe mwanguko wa bei kwa habari hii. Mwaka 1917, katika mji wa New York, tajiri mmoja alimpa sonara Cartier nyumba kubwa ya fahari. Naye alipokea dola 100 pamoja na mkufu wa lulu za asili wa nyuzi mbili, uliokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni moja. Mwaka 1957 mkufu ule uliuzwa. Uliuzwa dola 151,000. Lulu zilikuwa zile zile, hazikuvunjika wala kupungua. Dunia ndiyo iliyobadilika.

WAZAMIAJI WA LEO

Je, kazi hii imekwisha kabisa? Hapana, ndugu zangu. Mpaka leo wako watu wanaozamia lulu za asili huko Bahareni.

Ni wachache. Hawatoki tena kwa maelfu, wala hawakai baharini miezi minne. Wengi wao wana kazi nyingine mjini, na huenda baharini siku za mapumziko. Wengine hutumia mtungi wa hewa mgongoni, na wengine huzama kwa pumzi yao kama wazee wao. Kila mmoja hana budi kuwa na leseni. Mgeni naye aweza kwenda na chombo chenye ruhusa akajaribu bahati yake, lakini chaza wake wasizidi 60, ili wasiishe. Mwaka 2017 serikali ilianza mpango wa kuifufua biashara hii.

Katika nchi jirani ya Kuwait, tangu mwaka 1986, chama cha michezo ya baharini kimekuwa kikiandaa safari ya ukumbusho wakati wa kiangazi. Vijana hupanda vyombo vya mbao, hufundishwa na wazee, wakazama kama zamani. Hawatafuti utajiri. Wanajifunza babu zao walikula jasho gani.

Na dunia nayo imekumbuka. Mwaka 2012 UNESCO iliandika katika orodha ya urithi wa dunia mafungu matatu ya chaza ya Bahareni, pamoja na nyumba za kale za mji wa Muharraq zilizojengwa kwa mali ya lulu. Mwaka 2021 iliuandika muziki wa wazamia lulu, uitwao fijiri, ambao bado huimbwa huko Muharraq. Kwa hiyo nyimbo zipo ingawa majahazi mengi hayapo.

Bahari yenyewe nayo imebadilika. Pwani imejazwa udongo ili kujenga mji, na maji ya Ghuba yanazidi kupata joto. Chaza hapendi matope wala joto la kupita kiasi. Kwa hiyo leseni na hesabu ya makombe si usumbufu. Bila hizo, mjukuu wa mzamiaji hatakuta kitu.

Hapa nataka kuwaonya ninyi mnaoishi pwani, na hasa vijana wenu wanaopiga mbizi kutafuta pweza na kombe. Kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji juu yako huongezeka sana. Masikio yakianza kuuma, usiendelee kushuka, panda. Tena wako wanaopumua upesi upesi mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Hii ni hatari kubwa. Ile hewa chafu iliyo mwilini ndiyo inayomwambia mtu, "Panda sasa." Ukiipunguza mno hutasikia onyo, utazimia chini ya maji ghafula. Wala usizame peke yako kamwe. Wazee wa Bahareni hawakuwa na mashine, lakini kila mzamiaji alikuwa na mwenziwe juu, ameshika kamba.

LULU NA HATI YAKE

Sasa tuseme mzamiaji wa leo amepata lulu nzuri. Ataiuza vipi? Mnunuzi atauliza, "Nitajuaje kama ni ya asili?" Jicho haliwezi kujua kwa kuitazama nje.

Katika nchi hiyo biashara ya lulu za kufuga imekatazwa na sheria. Mwaka 2017 ilianzishwa huko taasisi ya kupima lulu na vito, iitwayo DANAT. Dana, katika lugha ya wazamiaji, ni lulu kubwa na nzuri. Lulu hupigwa picha ya eksirei, kama vile hospitali wanavyopiga mfupa. Ya kufuga huonyesha ndani kile kipande alichotiwa chaza. Ya asili huonyesha tabaka juu ya tabaka. Kisha mwenye lulu hupewa hati iliyoandikwa uzito, rangi, umbo, na kwamba ni ya asili.

Sisemi lulu ya kufuga ni mbaya. Huko Fumba, kisiwani Unguja, wako akina mama waliojifunza kumfuga chaza na kupata lulu nusu, ile inayoshikamana na kombe. Wanaitengeneza vipuli na mikufu, wanauza, nayo ni kazi ya halali kabisa. Lulu ya kufuga ni halali ikiitwa kwa jina lake. Ubaya ni kuuza hii kwa jina la ile.

Angalieni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani karatasi ilikuwa mkononi mwa mwenye chombo, nayo ilimfunga mzamiaji. Leo mzamiaji mwenyewe anashika leseni yake na hati ya lulu yake. Anasoma uzito. Anajua anauza nini. Mnunuzi akimpunja, amempunja mtu anayeona.

Sisi hapa hatuna lulu. Tuna korosho, tuna pamba, tuna kahawa, tuna samaki. Lakini mizani tunayo sote, na stakabadhi tunapewa sote. Je, umepata kutia dole gumba kwenye karatasi usiyoijua? Usione haya, wengi wetu tumefanya hivyo. Wiki hii nataka ufanye jambo moja. Itafute karatasi moja nyumbani kwako: stakabadhi ya mazao, hati ya mkopo, au kadi ya kliniki ya mtoto. Ilete darasani. Mwisome pamoja na mwalimu, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu. Kisha piga hesabu yako mwenyewe, uone kama inalingana na ya aliyeiandika.

Mzamiaji wa zamani aliweza kushuka mahali ambapo mwenye daftari hakuthubutu. Hakuwa mjinga. Alijua nyota, pepo na mikondo, na alijua kila fungu la chaza kwa jina lake. Alikosa jambo moja tu, na jambo hilo ndilo mnalojifunza ninyi sasa.

Nawatakieni masomo mema. Kwaherini.

MANENO MAGUMU

Barwa: hati ya zamani iliyoonyesha kama mzamiaji anadaiwa au yuko huru.
Chaza: mnyama laini wa baharini mwenye makombe mawili.
Chekeche: chombo chenye matundu cha kutenganisha vikubwa na vidogo.
Fungu: (1) sehemu ya mapato, (2) mahali baharini penye kina kidogo, ambapo chaza hukaa wengi.
Karadha: fedha anazopewa mtu kabla ya kazi, azilipe baadaye.
Kiriba: mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha umepokea au umelipa.

MASWALI

1. Bahareni iko wapi, na jina lake lina maana gani?
2. Lulu hutokea namna gani ndani ya chaza?
3. Kwa nini maisha ya mzamiaji yalikuwa mikononi mwa mvutaji?
4. Taja sababu tatu zilizoharibu biashara ya lulu za asili.
5. Lulu ya asili na lulu ya kufuga hutambulikanaje?
6. Hesabu. Mzamiaji ana deni la nyuma rupia 20. Amepewa karadha rupia 80. Vitu vya nyumbani ni rupia 30. Fungu lake la msimu huu ni rupia 140. Je, bado anadaiwa, au amepata? Kiasi gani?
7. Andika sentensi tatu juu ya karatasi uliyoileta darasani.